Wenye Macho Mawili na Nguzo ya Nyuma

Benchi letu limeegemea ukuta wa karakana ya Milimita, pale kwenye kona ambapo lami inaishia na vumbi linaanza. Mimi ni fundi viatu. Nakaa mwisho wa benchi upande wa kivuli, nashona huku nasikiliza upuuzi, na nusu ya upuuzi wenyewe huwa ni wangu. Milimita ni seremala, anapima kila kitu mara tatu na milango yake bado inakwaruza sakafu. Satelaiti anauza vifuniko vya simu kwenye kimeza cha kukunja, na hakuna jambo asilolijua chini ya jua isipokuwa wakati wa kunyamaza. Taa Moja ni mwashi. Jicho lake la kushoto lilipofuka utotoni kwa jiwe la manati, na jina hilo alijipa mwenyewe kabla watu hawajamtafutia baya zaidi. Katikati yetu anakaa Mama Birika na jiko lake la mkaa, na siku hiyo, saa sita mchana, alitangaza kwamba birika la kahawa lililoko motoni ndilo la mwisho. Maji yamemwishia, mwenye maneno ayaseme upesi.

Hapo ndipo alipotokea binti wa dada yangu, mbio mbio, karatasi kubwa ameikunja kwapani. Anafanya kazi ofisi ya maji, kazi yake kugeuza hesabu kuwa picha, na benchi limembatiza jina la Takwimu.

— Shikamoo mjomba. Shikamooni wote.

— Marahaba, nikamjibu. Mbona unahema, umefukuzwa?

— Bado, mjomba. Labda saa nane.

Akaeleza kwamba saa nane wajumbe tisa wa bodi watachagua mtaa mmoja wa kupelekewa bomba jipya. Mmoja tu. Watatazama picha yake dakika mbili, watanyoosha mikono, kisha watakwenda kula. Akaifungua karatasi juu ya mapaja ya Satelaiti na Milimita.

— Hizi nguzo ni siku ambazo bomba lilikauka, mwaka mzima. Kila mtaa una nguzo nne, nguzo moja kwa kila miezi mitatu. Niambieni mtaa gani umeteseka zaidi. Msifikirie sana. Wajumbe nao hawatafikiria.

Ilikuwa picha maridadi, sikatai. Nguzo zilikuwa na pembe, vivuli na rangi za kung'aa, zimepangwa kwenda ndani kama majengo ukiyatazama kutoka mwanzo wa barabara.

— Sokoni, akasema Milimita. Nguzo zao zile pale mbele, mijitu mizima.

— Sokoni, nami nikasema.

— Sokoni, na wameanza kampeni ya bomba zamani, akasema Satelaiti.

Mama Birika hakuinuka kwenye kigoda chake. Alinyoosha shingo tu.

— Sokoni gani? Alfajiri nyingi naenda kuchota sokoni. Wangekuwa hawana maji ningekuwa nachota nini, umbea?

Takwimu akashika kichwa kwa mikono yote miwili.

— Jibu ni mtaa huu! Mtaa wenu! Siku mia mbili sitini na tatu. Sokoni ni mia moja hamsini na saba. Nyie ndio vile vijinguzo vya pale nyuma, kulia.

Tukainama wote. Kweli, kule mwisho kabisa, nyuma ya mijitu ya sokoni, kulikuwa na vichwa vinne vinachungulia. Mtaa wetu ulikuwa umesimama mkutanoni nyuma ya watu warefu.

— Hii hujuma, akasema Satelaiti. Ofisi yenu iko sokoni. Aliye karibu na kalamu ndiye anayechorwa mrefu.

— Hakuna hujuma! Zote zimechorwa kwa kipimo kimoja. Ila kompyuta inachora vya mbali vidogo, kama jicho linavyoona.

— Basi chora bila huo umbali, nikamwambia. Chora mistari tu karatasini, mmoja mrefu, mmoja mfupi, tukanywe kahawa.

— Nilichora, mjomba. Mkubwa wangu akasema hiyo ni kazi ya watoto wa shule. Anataka kitu chenye kina. Kisipokuwa na kina hakiingii ukumbini, na mimi siingii.

Sasa ikawa shida yetu sote. Bomba lilikuwa letu kwa haki, hesabu imelala hapo hapo karatasini, na tunalikosa kwa sababu tumechorwa mbali.  Nilitaka kwenda kumtafuta huyo mkubwa na kumpima kiatu kwa nyundo.

Muda wote huo kichwa cha Taa Moja kilikuwa kinakwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, mbele ya karatasi.

— Wewe nawe umepatwa na nini? Milimita akamuuliza. Unacheza ngoma?

— Natafuta umbali. Nikitikisa kichwa, kitu cha karibu kinakimbia, cha mbali kinazubaa. Ndivyo ninavyopanda ngazi na matofali miaka yote na sijaanguka. Hapa nimetikisa, nguzo zote zimetikisika pamoja. Hii karatasi haina mbele wala nyuma, inajifanya tu.

— Kwa hiyo mwenye jicho moja ndiye anatufundisha kuona? akasema Satelaiti. Dunia imekwisha.

— Mafundi wote wakitaka kunyoosha ukuta wanafumba jicho moja. Mimi Mungu kanifumbia moja kwa moja. Haya, mwenye macho mawili, fumba moja. Nyoosha mkono, gusa ncha ya msumari huu kwa kidole. Kutoka ubavuni, usije kutoka mbele.

Alikuwa ameshika msumari mbele ya pua ya Satelaiti. Satelaiti akafumba jicho, akanyoosha kidole kwa madaha, akapita nyuma ya msumari kama upana wa kiganja na kutumbukia kwenye kikombe changu cha kahawa.

— Moto! Moto jamani!

— Hiyo ni kahawa yangu, nikamwambia. Na hicho kidole kilikuwa wapi asubuhi?

Milimita akajaribu. Akapima kwanza kwa futi, akafumba jicho, akachoma hewa. Mimi nilichoma hewa mara mbili. Taa Moja akatikisa kichwa mara moja, tik, akagusa ncha bila kubabaika.

— Mnaona? Nyie mna macho mawili, kila moja linaona kwake. Picha mbili hazifanani, kichwa kinazigonganisha, kinawaambia hiki karibu, kile mbali. Mmezaliwa nayo, hamshukuru. Ukitazama karatasi, macho yote mawili yanaona kitu kile kile. Hapo hamna tofauti na mimi, ila mimi nimezoea.

— Subiri, akasema Satelaiti, kidole mdomoni. Mimi nina maelezo ya ndani zaidi. Jicho la kulia linaona kilichopo. Jicho la kushoto linaona kilichokuwepo. Ndiyo maana mtu akikutazama kwa jicho la kushoto anakukumbusha mambo ya zamani.

— Nani kasema?

— Utafiti.

— Wa nani?

— Wa watu. Tena nyongeza: waliozaliwa mlimani wanaona kina, kwa sababu mtoto anajifunza kutazama chini. Waliozaliwa tambarare kama sisi tunaona urefu na upana tu. Wajumbe wa bodi wengi wametoka wapi? Tambarare! Ukiwapelekea kina ni sawa na kumsomea samaki gazeti.

— Samaki ana macho ubavuni, akasema Milimita. Anaona mbele na nyuma. Angefaa kwenye bodi.

— Tuwapeleke kuku basi, nikasema. Kuku anatikisa kichwa kama Taa Moja.

— Kuku si mjinga! akafoka Taa Moja. Kuku anaokota punje moja mchangani, wewe sindano unaitafuta nusu saa na miwani.

Satelaiti alikuwa ameshapanda juu kabisa. Alisema wauza miwani ndio waliobuni picha za kina ili watu wapate kizunguzungu na kwenda kupimwa. Alisema nyota zote ziko umbali mmoja, zimetofautiana bidii tu. Mama Birika akagonga birika kwa kijiko.

— Vimebaki vikombe sita. Mtoto ana saa moja na nusu. Mna la maana au nimwage majivu?

 Taa Moja akageuka akatazama ndani ya karakana, kwenye lile rundo la vipande vya mbao ambalo Milimita anasema atalitumia siku moja.

— Mkubwa wako anataka kina? Mpe kina cha kweli. Tuzijenge.

Ndivyo tulivyoacha kazi zetu sote. Milimita akapata uhai ambao sijauona tangu tumfahamu.

— Siku moja milimita mbili! Siku sabini na nne ni milimita mia na arobaini na nane! Nani kashika penseli yangu?

— Iko sikioni kwako.

Takwimu akawa anasoma hesabu, Milimita anakata, mimi napaka gundi ya viatu, ambayo haina mpinzani, na Satelaiti anapuliza vumbi na kutoa nasaha. Mitaa sita, vipande ishirini na vinne, juu ya ubao wa plaiwudi. Ugomvi ukaanza tulipofika kwenye mpangilio.

— Mtaa wetu mbele kabisa, akasema Satelaiti. Sokoni walikuwa mbele wakaonekana wakubwa. Sasa ni zamu yetu.

— Na niongeze milimita kumi, akanong'ona Milimita. Za kuliwa na msumeno. Nani atajua?

— Mimi nitajua, akasema Takwimu. Fundi, ukiongeza hata moja nabeba karatasi yangu naondoka.

— Moja tu?

— Hata nusu!

Nilimwonea fahari binti wa dada yangu, ingawa moyoni nilikuwa upande wa Milimita.

— Warefu nyuma, wafupi mbele, akasema Taa Moja. Kama picha ya harusi. Ukiweka mrefu mbele, anaficha wenzake, na kilichofichwa mtu anadhani hakipo. Sisi warefu, tukae nyuma. Tutaonekana juu ya vichwa vyao.

— Nyuma tena! akalia Satelaiti. Tumekaa nyuma mwaka mzima!

— Sikiliza, bwana. Na unene uwe mmoja. Ukimpa mmoja unene, mtu anadhani ana uzito zaidi hata kama ni mfupi. Na usipake rangi za kung'aa, nyekundu inaruka mbele ya macho kabla ya wakati wake. Mbao ibaki mbao. Chora mstari kuzunguka kila nguzo, kila baada ya siku thelathini, mtu ahesabu kwa mistari, asikisie. Jicho linajua nani yuko mbele ya nani, lakini ukiliuliza kwa kiasi gani, linaanza kubahatisha kama Satelaiti.

— Na kivuli? akauliza Takwimu, ambaye sasa alikuwa anaandika kila neno.

— Mwanga utoke upande mmoja. Kitu kisicho na kivuli mguuni kinaonekana kama kinaelea. Ubao waweke karibu na dirisha.

— Na wajumbe wanene wasiotaka kuinuka vitini? akauliza Mama Birika. Wenye vichwa visivyotikisika?

 Nikakumbuka kiti cha ofisi kilichovunjika mgongo ambacho mteja aliniletea nishone ngozi na hajarudi mpaka leo. Tukang'oa kikalio, tukapigilia ubao juu ya ule mguu unaozunguka. Milimita akausukuma kwa kidole kimoja. Nguzo zikazunguka polepole, za mbele zikikimbia na za nyuma zikifuata kwa mwendo wao, na mtaa wetu ukajitokeza nyuma ya sokoni wima kama askari wanne. Jamani, nilisisimka. Mwaka mzima wa kubeba ndoo, na sasa ungeweza kuushika.

— Jicho moja au mawili, akasema Taa Moja, hapa hakuna wa kudanganywa.

Mama Birika akaja mwenyewe, akapitisha kiganja juu ya nguzo zetu nne kama anayempapasa mtoto kichwa.

— Hii ndiyo ile miezi ya joto, akasema kwa sauti ndogo. Ndoo mbili, safari tatu. Mgongo huu unaijua kila milimita.

Ilikuwa saa saba na robo. Tulikaa kuimalizia kahawa kwa ushindi, vikombe tukaviweka pale pale kwenye ubao, Satelaiti akiwa ameshaanza kueleza kwamba wazo lilikuwa lake, ndipo mwanamke mmoja akasimama mbele yetu na madumu mawili matupu. Hatukumfahamu. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi la mawe. Hilo nililiona kwanza, ni kazi yangu.

— Samahanini. Bomba la sokoni leo linatoa?

— Linatoa, ila foleni imefika gereji, akamjibu Mama Birika.

Mwanamke akashukuru, akataka kwenda, macho yakamnasa kwenye zile mbao.

— Hiki ni nini?

Takwimu akamweleza, na hakuhitaji maneno mengi. Mwanamke akatua madumu, akainama, akausukuma ubao kwa kidole, ukazunguka nusu.

— Nimeelewa. Palipo parefu ndipo penye dhiki. Huu mtaa umeumia kweli, pole zao.

— Hapo! akasema Takwimu, karibu aruke. Hajawahi mtu kuisoma kazi yangu kwa haraka hivyo!

— Na sisi tuko wapi?

— Nyie wa wapi, dada?

— Nyuma ya machimbo.

Takwimu akafungua orodha yake, akateremsha kidole.

— Mpo. Namba saba.

— Nionyeshe basi.

Binti wa dada yangu akarudisha kidole juu ya orodha, akakiteremsha tena. 

— Nyie mna sifuri, dada. Robo zote nne. Tunahesabu siku ambazo bomba limekauka, na kwenu hakuna bomba, kwa hiyo hakuna lililokauka. Sifuri haina urefu. Sikumtajia fundi, kwa sababu hapakuwa na cha kukata.

Kisha akaonyesha mahali penyewe: ile sehemu tupu pembeni mwa ubao, ambapo tulikuwa tumepanga vikombe vyetu vya kahawa.

Mwanamke akavitazama vile vikombe.

— Kwa hiyo hao wakubwa wakizungusha hiki, wataona sisi ndio hatuna shida yoyote?

 Satelaiti alifungua mdomo akaufunga, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu benchi liundwe. Taa Moja akatikisa kichwa chake kushoto na kulia mbele ya vile vikombe, mara mbili, akaacha. Sote tulikuwa tumeshapiga hesabu ile ile. Ukiwaandikia hawa siku zao zote, nguzo zao zinapita zetu, na bomba linakwenda machimboni. Sitajifanya mwema: nilitamani yule mwanamke abebe madumu yake aende zake, na saa nane ifike.

Takwimu alinitazama mimi, mjomba wake. Nikainamia kiatu.

Mama Birika ndiye aliyesimama. Akavikusanya vikombe kimoja kimoja, akamwaga mashapo ya kahawa chini, akapafuta mahali pale kwa kitambaa chake mpaka pakakauka.

— Milimita. Kata.

— Mama, ni wewe unayebeba ndoo.

— Najua ninachobeba. Kata, mtoto anachelewa.

Milimita akashusha penseli kutoka sikioni. Alikuwa na aibu, na sikuwahi kumwona seremala akiona aibu mbele ya ubao.

— Mwaka mzima, milimita mia saba na thelathini, akasema. Tuugawe mara nne. Ni huu mwaka tu, dada, au kuna na mingine?

— Nilihamia pale mtoto wangu wa kwanza akiwa mgongoni, akasema yule mwanamke. Sasa yuko kidato cha kwanza.

 Milimita alichukua futi, akapiga magoti kwenye ukuta wa karakana, akaanza kupima kutoka chini, alama ya penseli kwa kila mwaka wao bila bomba, Taa Moja akimletea ngazi. Alipoweka alama ya mwaka wa nne, ukuta ukamwishia.